Chuo, madrasa au IRE ya shuleni: mtoto wa Lamu asome dini wapi?

Kila shule zinapofunguliwa, mjadala huu hurudi barazani. Mzazi wa Lamu ana njia nne mbele yake: chuo cha Qur'ani cha mtaani kwa maalim, madrasa yenye madarasa na mitihani, somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu kwenye shule ya serikali, hilo tunaloliita IRE, na shule ya Kiislamu ya binafsi inayosomesha dini na mtaala wa taifa kwa pamoja. Wengi huchagua kwa kuangalia ada, umbali, na jamaa gani wa ukoo kapeleka mtoto wake wapi. Hayo yana uzito wake. Lakini mimi niliyesoma chuoni na baadaye nikasomesha IRE nina kipimo ninachokitanguliza: mtoto akitoka pale atakuwa ameielewa vipi haki, na ataishi vipi na mtu asiyefanana naye?

Kipimo hiki hakikuletwa na semina za mashirika. Kimo katika Juzuu Amma, juzuu ya 30, ambayo ndiyo anayoanza nayo kila mtoto wetu. Al-Maun inamtaja anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini, kisha inawaonya wanaosali huku wakinyima hata msaada mdogo. Abasa inasimulia Mtume (s.a.w.) alivyokumbushwa na Mola wake kwa ajili ya kipofu, Abdullah bin Umm Maktum. Al-Mutaffifin inawakemea wanaopunja vipimo. Al-Balad inasema njia nzito ya kupanda ni kumwacha huru mtumwa na kumlisha mtu siku ya njaa. Kwa hiyo kabla mtoto hajaweza kufunga Ramadhani nzima, somo zima la haki limeshapita ulimini mwake. Ninachotaka kujua ni limefika wapi baada ya hapo.

Chuoni kwa maalim

Kwa kusoma Qur'ani, chuo bado hakijapata mshindani. Watoto wameketi mkekani, mkubwa anamsikiliza mdogo, maalim anamwita mmoja mmoja. Alif fat-ha a, alif kasra i, alif dhumma u, mpaka herufi zinakaa. Kila mtoto huenda kwa mwendo wake. Hakuna wa mwisho darasani kwa sababu hakuna darasa, na mtoto mzito wa kushika hangojewi wala haachwi nyuma. Ada ni ndogo, na maalim wa kweli hamfukuzi mtoto wa mvuvi ambaye hakupata kitu msimu wa kusi. Wakati mwingine mkeka mmoja huchanganya mtoto wa Kibajuni, wa Kiamu, wa Kiorma na wa Kigiriama ambaye babake amesilimu, na hakuna aliyekaa mahali pake kwa sababu ya ukoo.

Upungufu wake uko kwenye maana. Jioni moja nilimsikiliza mtoto wa jirani akisoma Al-Maun, na hakukwama hata kwenye "yadu'ul-yatim". Nikamuuliza yatima ni nani. Akafikiri, akaniambia, "Ni mtu wa Makka, maalim." Nyumba ya tatu kutoka kwao kulikuwa na watoto waliofiwa na baba baharini, na yeye hucheza nao kila siku. Matamshi yake yalikuwa safi kuliko ya watu wazima wengi. Lakini sura ilikuwa imebaki mbali, nchi ya watu wengine, zama za watu wengine. Sikumlaumu mtoto, na maalim wake pia simlaumu sana, kwa kuwa mtu mmoja mwenye watoto wengi na saa mbili za jioni hana nafasi ya kukaa na kila aya. Ila mzazi ajue kabisa kwamba chuo kinampa mtoto ufunguo, na mlango afunguliwe na mtu mwingine.

Kuna na bakora. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya ukatili. Mlango wa chuo haumtoi mtoto nje ya sheria hiyo. Mzazi anayesema "nyama yako, mifupa yangu" kama walivyosema wazee anampa maalim ruhusa ambayo hana haki ya kuitoa. Uliza kabla ya kumpeleka: mtoto akikosea, hufanywa nini? Ukijibiwa kwa ukali, tafuta mkeka mwingine.

Hata hivyo, mtu asiniambie chuo hakijui haki. Hapa Lamu tuna historia inayosema kinyume, nayo inastahili kusimuliwa kwa urefu kidogo. Habib Swaleh, sharifu (mtu wa kizazi cha Mtume) wa ukoo wa Jamalilail aliyezaliwa Ngazija, visiwa vya Komoro, alipofika Lamu katika karne ya 19 alikuta mji uliopangwa kwa daraja. Waungwana walikuwa na nyumba zao za mawe na elimu yao. Watumwa na watu wa kuja waliishi kwenye vibanda vya makuti pembezoni, upande wa Langoni, na elimu ya juu ya dini haikuwa yao. Sharifu mwenye nasaba kama ile angeweza kukaa Mkomani, mtaa wa waungwana, akaheshimiwa bila kutaabika. Yeye akaenda kuishi na wale wa pembezoni, akawasomesha, na baadhi ya wakubwa wa mji wakachukia. Msikiti wa Riyadha ukasimama Langoni mwanzoni mwa karne ya 20, ukakua ukawa chuo kikubwa cha dini. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Yaani pale mkekani mwa Habib Swaleh, mtumwa na mtoto wa mtumwa walisoma sawasawa na wengine kabla serikali haijawatambua kuwa huru. Alifariki 1935. Maulidi ya Lamu tunayoyasoma kila Mfunguo Sita, yanayoleta wageni kutoka pwani nzima na kwingineko, yalikua katika mikono ya watu hao.

Ndiyo maana nasema mkeka una uwezo wa kufundisha usawa kuliko kitabu chochote, mradi anayeketi mbele yake aamini hivyo. Unapomtafutia mtoto maalim, mtazame anavyowaita watoto. Je, mtoto asiye na ukoo mkubwa anaitwa kwa jina lake, au kwa kabila la mamake?

Madrasa yenye madarasa

Hapa kuna ratiba, sare, rejista na ngazi: ibtidai (msingi), idadi (kati), thanawi (sekondari). Mtoto husoma tauhidi, fiqhi (sheria za dini), sira (maisha ya Mtume), hadithi, lugha ya Kiarabu na tafsiri. Kwenye fiqhi ya madhehebu ya Shafii, kitabu kidogo cha Safinat al-Najah ndicho mlango wa wengi. Baadhi ya madrasa hufunguliwa alasiri na wikendi tu ili mtoto aende shule asubuhi, nyingine ni za siku nzima, na zipo za bweni zinazopokea wanafunzi kutoka nje ya Lamu.

Faida yake kubwa ni kwamba maana inaingia. Mtoto wa idadi anaweza kukueleza zaka ni moja katika arubaini ya mali iliyofika nisabu, kile kiwango cha chini cha kutolewa zaka, na kukaliwa mwaka, na anawajua wanaostahiki kupewa. Faida ya pili inawahusu wasichana: madrasa nyingi zina walimu wanawake, na binti aliyeona aibu kumuuliza maalim mwanamume kuhusu twahara humuuliza mwalimu wake bila kuinamisha macho. Kwangu mimi hilo ni suala la haki kama lilivyo suala la elimu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi kufariki kwake 1947, aliandika katika gazeti lake la Al-Islah tangu 1932 akiwasihi Waislamu wa pwani wasome elimu ya zama zao na wasiwanyime wasichana. Karibu karne nzima imepita, na bado kuna nyumba ambazo kaka anapelekwa thanawi huku dada anaachishwa njiani kwa sababu "ameshajua kusali".

Sasa tahadhari. Kwanza, cheti. Thanawi inaweza kumfikisha kijana vyuo vikuu vya nchi za Kiarabu, na hapa nyumbani tuna Chuo Kikuu cha Umma kule Kajiado, lakini nafasi za vyuo vikuu zinazogawiwa na serikali hutazama mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari. Mtoto wa madrasa ya siku nzima asiyefanya mtihani wa taifa atafika miaka 18 akiwa mjuzi wa nahau, kisha apate taabu ya kuajiriwa hata ofisi ya kaunti. Katiba, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Usimfanye mwanao achague kimoja wakati vyote viwili ni haki yake.

Pili, msimamo wa madrasa. Lamu ina watu wa maulidi na matari, ina wanaoona maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, ina majirani wa Kishia, Mabohora na Ithnaashari. Wakubwa wana hoja zao na waendelee nazo kwa adabu. Ninalolichunga ni mtoto wa miaka 9 kurudi nyumbani akamwambia bibi yake kuwa yeye si Mwislamu sawasawa. Madrasa inayomfundisha mtoto hukumu ya watu kabla ya kumfundisha adabu ya kutofautiana inamharibu, hata kama tajwidi yake ni tamu. Na ikiwa maneno ya chuki yanaelekezwa kwa Wakristo wa miji ya Hindi na Mpeketoni huko bara, hapo usingoje muhula uishe. Mtoe mtoto. Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa na makumi ya watu wakauawa, na kaunti hii nzima ililipa: kafyu, biashara kufa, walimu kuhama, shule za upande wa Basuba kufungwa na watoto wa Kiboni kukosa masomo. Al-Maida aya ya 8 inatuamrisha kwamba kuwachukia watu kusitupeleke kwenye kutowafanyia uadilifu. Madrasa nzuri husomesha aya hiyo waziwazi, kwa mifano ya hapahapa.

IRE ya shuleni

Hili ni somo linalodharauliwa na wazazi kuliko linavyostahili. Nimesikia mara nyingi, "IRE ni dini ya mtihani." Ndiyo, vipindi vyake ni vichache kwa wiki, na mtoto asiyesoma chuoni hatajua Qur'ani kwa IRE peke yake. Lakini angalia yaliyomo kwenye mtaala wa umilisi (CBC): Qur'ani, hadithi, nguzo za imani, ibada, akhlaki, muamalat, historia ya Uislamu. Muamalat, yaani mahusiano na shughuli za watu, ndiyo mahali ambapo mtoto hukutana na riba, mirathi, haki ya mfanyakazi, amana ya mali ya umma, tena kwa lugha anayoielewa. Na alama zake zinahesabiwa kwenye mitihani ya taifa.

Mwalimu anayejua kazi yake huifanya IRE ya Lamu iwe ya Lamu. Mfano ulio karibu ni bandari. Jiwe la msingi la LAPSSET, mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, liliwekwa Machi 2012, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa mahali pao pa kuvulia. Ukilileta hilo darasani pamoja na hadithi ya "hapana madhara wala kulipizana madhara", wanafunzi ambao baba zao wana majarife na mishipi huamka. Wanauliza maswali makali: nani alipewa, nani hakuandikwa, mwenye chombo na baharia wake walipwe sawa? Hapo fiqhi imeshuka ufukweni. Sijawahi kuona somo likienda hivyo chuoni, na kwenye madrasa nimeliona kwa nadra, kwa sababu vitabu vyao vinazungumzia ngamia na mitende.

Shule ya serikali ina jambo jingine ambalo zile njia tatu hazina: mtoto wako anaketi na mtoto wa Mkikuyu, Mkamba au Mjaluo ambaye mzazi wake ni polisi, muuguzi au mfanyabiashara. Wanafundishwa hesabu pamoja, wanacheza pamoja. Kikifika kipindi cha dini wanagawanyika, wa IRE huku, wa CRE, somo la dini ya Kikristo, kule. Na hapa ndipo ninapowaomba wazazi wenzangu waangalie kwa makini. Kisiwani Lamu Waislamu ni wengi, kwa hiyo mtoto wa Kikristo ndiye anayeweza kukosa mwalimu wa CRE, akakaa chini ya mwarobaini kungoja kipindi kiishe. Ukivuka bara ukaenda Mpeketoni, mambo yanageuka, na aliye chini ya mti ni mtoto wa Kiislamu. Wote wawili wanaambiwa bila maneno kwamba wao ni ziada. Katiba haina dini ya taifa (kifungu cha 8), na kifungu cha 32 kinakataza mtu kunyimwa huduma kwa sababu ya imani yake. Kama unadai mwalimu wa IRE Mpeketoni, dai na mwalimu wa CRE kisiwani, kwenye kikao kilekile cha wazazi. An-Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamishe uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu au jamaa zetu, na sijui mahali pepesi zaidi pa kuanzia.

Mavazi nayo yasisahaulike. Mahakama ya Rufaa mwaka 2016 iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo kuvaa hijabu na suruali. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, na kanuni za mavazi zikabaki mikononi mwa shule. Kisiwani hilo halitusumbui sana. Lakini kama binti yako amechaguliwa sekondari ya bweni bara au kaunti nyingine, soma kanuni za shule kabla hujanunua godoro.

Shule ya Kiislamu ya binafsi

Hapa nitapita haraka. Wazo la kuunganisha dini na masomo ya kawaida kwa watoto wadogo lina mizizi mizuri pwani. Mpango wa Aga Khan wa madrasa za chekechea ulianza Mombasa miaka ya 1980 kwa maombi ya Waislamu wenyewe, ukaenea Zanzibar na Uganda, na umewasaidia watoto wengi wa familia maskini kuingia darasa la kwanza wakiwa tayari. Shule za binafsi za sasa zina urahisi wake: mtoto haendi sehemu mbili, sala ya Adhuhuri iko kwenye ratiba, mavazi hayana mjadala. Bei ndiyo inayochuja. Na wanaochujwa ni walewale wanaotajwa kwenye Al-Maun. Mtoto anayekua akiwa na wenzake wa dini moja na mfuko mmoja atahitaji mzazi anayemtoa nje kwa makusudi. Kama shule ina nafasi za bure kwa mayatima na watoto wa mashamba, iulize ni ngapi, na watoto hao wanakaa bweni moja na wengine au la.

Nani achague nini

Kwa mtoto wa kisiwani mwenye miaka 4 hadi 9, mimi ningemweka kwa maalim mpole wa mtaani na shule ya serikali ya karibu. Akishasoma msahafu vizuri, ahamie madrasa ya wikendi kwa ajili ya maana, na IRE aichukue kwa uzito mpaka amalize sekondari. Njia hii haina gharama kubwa na inampa mtoto vitu vitatu: ulimi, fahamu na majirani. Inachosha, sikatai. Mpe jioni ya Ijumaa yote apumzike, na usimwongezee tuisheni ya jioni kwenye umri huo.

Kwa binti, nauliza kwanza walimu wanawake wako wapi, kisha ngazi ya juu ya masomo yake ni ipi. Madrasa isiyo na thanawi ya wasichana wakati ya wavulana ipo, imeshajibu.

Kwa mtoto kiziwi, kipofu au mwenye ulemavu mwingine, uchaguzi ni mgumu, na nasikitika kusema hivyo. Maalim wengi hawana mafunzo ya lugha ya ishara. Msahafu wa breli upo duniani, lakini sijauona kwenye mkeka hata mmoja mtaani kwangu. Anza na shule ya serikali yenye kitengo maalumu, kisha mfuate maalim mmoja aliye tayari kujifunza pamoja na mtoto. Ukikataliwa, msomee Abasa aya kumi za mwanzo, kwa upole.

Kwa familia zilizo Hindi, Mpeketoni au Witu ambako shule haina mwalimu wa IRE, msihame na msingoje. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mdhamini wa shule, hata akiwa kanisa, aheshimu dini za wanafunzi wengine. Andikeni majina ya watoto wote wa Kiislamu wa shule hiyo kwa darasa, mtie sahihi wazazi, mumpelekee mwenyekiti wa bodi na nakala ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Ombeni mwalimu, na wakati mnangoja, ombeni chumba na kipindi cha PPI, kile cha mafunzo ya kiroho shuleni, ili ustadh wa kujitolea aje kuwasomesha. Mkiweza, nendeni na mzazi mmoja wa Kikristo mnayeelewana naye. Pelekeni barua hiyo mapema, kabla ratiba ya muhula haijabandikwa.